Nyota ya Mchana ya Mama Dafrosa

Mume wangu Kornel hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Miaka ishirini na saba nimemmiminia chai, na miaka ishirini na saba nimeokota vikombe vyenye nusu chai dirishani, juu ya benchi lake la kurandia, kwenye mfuniko wa tangi la maji, na mara moja ndani ya jeneza alilokuwa akilipaka vanishi. Ni fundi seremala hapa mjini, mtaa wa Gongoni, tena fundi mzuri, nikisema vingine nitakuwa mwongo. Lakini useremala ni kazi yake ya sita. Alianza na tumbaku kwao Usoke, akaiacha ikiwa shambani. Akaenda kuchimba dhahabu upande wa Nzega, akarudi na kikohozi. Akawa utingo wa lori la Kigoma, akauza asali, akafanya vibarua vya reli. Siku moja nilimuuliza anatafuta nini hasa. Akasema hajui, ila anajisikia kama mtu aliyesahau kitu mahali. Nikamwambia amesahau kukaa chini.

Watu wa kwao wana maelezo yao. Wapo wanaosema babu zake walibeba mizigo ya wafanyabiashara kwenda Ujiji na kwenda pwani, kwa hiyo miguu ya ukoo ule haijui kutulia. Wengine wanasema ni kwa sababu alizaliwa njiani. Hili la mababu silijui. Hili la kuzaliwa njiani ni kweli.

Mama yake, Mama Dafrosa, alimzaa tarehe kumi na mbili Juni mwaka sabini na saba, siku ya Jumapili, kando ya reli. Alikuwa anatembea kutoka kijijini kwenda zahanati, uchungu ukamzidi kabla hajafika. Akalala chali kwenye nyasi. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatoka kuchota maji akatua ndoo yake akamsaidia. Na pale alipolala, mchana kweupe, mama aliona mwezi mwembamba kama ukucha, na pembeni ya mwezi akaona nyota moja nyeupe. Anasema aliikazia macho nyota hiyo mpaka aliposikia mtoto analia.

Hadithi hiyo aliisimulia kila mahali: kwenye ubatizo, kwenye kipaimara, kwenye foleni ya kisimani. Kijijini walimwita Kornel "Nyota ya Mchana", na shuleni alipigana na watoto wengi kwa ajili ya jina hilo. Kila mtu anajua nyota hutoka usiku. Kwa hiyo kila mtu alijua pia kwamba uchungu ulimchanganya mama wa watu, akaona visivyokuwepo.

Miaka mitatu iliyopita tulimfanyia binti yetu Josepha sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Mama akapewa maiki atoe nasaha kwa mjukuu wake. Akaanza hivi: "Huyu baba yake nilimzaa mchana, nyota ikiniangalia..." Nikaona meza ya wakwe wanatazamana. Kijana mmoja wa upande wao akaguna. Kornel aliinuka, akatembea mbele ya watu mia mbili, akaichukua maiki mkononi mwa mama yake, akasema kwa maiki ile ile, "Mama, inatosha. Nyota hazionekani mchana."

Ukumbi mzima ulicheka. Na mimi nilicheka. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa mwema kuliko wengine. Mama alirudi kwenye kiti chake, akakunja mikono juu ya kitenge kipya, na tangu siku ile hakuisimulia tena. Wajukuu wakimwomba, anasema amesahau.

Kornel hakuomba radhi. Alimpelekea mama yake blanketi, akampelekea sukari, akaenda mwenyewe kumbadilishia bati za jikoni. Alimpelekea kila kitu isipokuwa neno.

Mwaka huu, mwezi wa tano, mama aliletwa mjini kwa ajili ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshazima. La kulia, daktari alisema ni presha ya macho, dawa ya matone itachelewesha tu, na kwamba anavyoona sasa ni kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Miezi kadhaa, akasema, labda mwaka. Kornel alisikiliza yote akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Tuliporudi nyumbani alichukua ubao akauranda, akauranda, mpaka ukawa haufai hata kwa stuli.

Wiki hiyo hiyo aliitwa kutengeneza milango kwenye nyumba ya mapadri, na kwenye stoo yao akakuta darubini. Ilikuwa ya padri mmoja mzee wa kigeni aliyefariki zamani: bomba jeupe la chuma, linanifika kiunoni, halina miguu, na kile kidarubini kidogo cha pembeni cha kulengea kilikuwa kimeng'oka. Paroko akamwambia aichukue, inawazibia njia. Kornel hawezi kuachiwa kitu kibovu akakataa. Akaja nayo begani, akaweka kwenye simu yake programu ya nyota ili ajue cha kutazama, akakuta programu ile inaweza kurudishwa nyuma. Unaandika tarehe yoyote na mahali popote, inakuchorea anga la siku ile.

Mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu barazani, nashona sare za shule. Nikasikia kimya. Kimya kwa Kornel ni jambo la kutia wasiwasi, kwa hiyo niligeuka. Alikuwa amekaa sakafuni, amekaa kabisa, miguu imenyooka mbele, na simu imo mapajani.

"Njoo uone," akasema.

Alikuwa ameandika Usoke, tarehe kumi na mbili Juni, mwaka sabini na saba, mchana. Jua lilikuwa limechorwa juu. Upande wa magharibi wa jua kulikuwa na mwezi mwembamba. Na karibu na mwezi, doa jeupe lililoandikwa Zuhura.

"Mama alisema mwezi," akasema Kornel. "Na mwezi upo."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nilikumbuka kicheko changu ukumbini, nikakumbuka na mikono ya mama juu ya kitenge. Kornel aliendelea kusoma na kubonyeza, akaniambia kwamba nyota hii hung'aa kiasi kwamba hata mchana ipo na huweza kuonekana kwa anayejua pa kuangalia, na kwamba kila baada ya miaka minane hurudi karibu mahali pale pale. Tangu azaliwe ilikuwa imepita miaka arobaini na minane, yaani minane mara sita. Juni hii nyota itakuwa palepale ilipokuwa. Mwezi tu ndio hautakuwa pembeni yake.

"Basi ingia chumbani kwa mama sasa hivi," nikasema. "Mwambie ulikosea."

"Simwambii. Nitamwonyesha."

Hasira zilinipanda kwa sababu ninamjua mume wangu. Mama alishatangaza kwamba anarudi Usoke Jumapili ya tarehe kumi na tano, baada ya Misa, kwa basi la saa nane mchana, mji umemchosha na kuku wake hawana mtu. Zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku chache. Jicho lile likirudi kijijini, nani alijua kama atarudi tena mjini likiwa bado linaona? Na kazi yote hii ilikuwa mikononi mwa mtu ambaye kabati langu la vyombo amelijenga miaka saba na bado halina milango.

Ila haki yake nimpe. Alitengeneza kiti cha darubini kwa plaiwudi, kizuri, kinazunguka kushoto na kulia, na juu yake bomba linainuka na kushuka. Kila kitu ni kwa kusukuma kwa mkono. Chini ya kiti alibandika duara la karatasi lenye mistari mia tatu na sitini, alilochapishiwa kwenye duka la fotokopi karibu na soko, na akapinda waya uwe mshale. Juu ya bomba aliweka pimamaji yake ya digitali, ile anayopimia kenchi za paa. Ina sumaku, ikanasa kwenye chuma, ikawa inaandika kwa namba bomba limeinuka digrii ngapi. Halafu simu: programu ya nyota inakuambia kila dakika kwamba Zuhura iko digrii kadhaa kutoka kaskazini na digrii kadhaa juu ya ardhi. Namba mbili tu. Unazungusha kiti mpaka namba ya kwanza, unainua bomba mpaka namba ya pili, unachungulia.

"Kwa hiyo ni kupima kama mlango," nikasema.

"Kama mlango," akasema.

Shida ilikuwa kaskazini. Duara lazima lianzie kaskazini, na kaskazini ilimtoa jasho. Kwanza aliamini dira ya simu. Alipoiweka simu karibu na bomba, dira ikazunguka hovyo kwa sababu ya sumaku ya pimamaji. Akaipeleka mbali, ikavutwa na geti. Akaihamisha, ikavutwa na bati. Kila kona ya uwanja wetu ilikuwa na kaskazini yake. Simu ile ilitukanwa matusi ambayo siwezi kuyaandika, nami nikamkumbusha kwamba mama yupo nyuma ya jiko anasikia.

Ndipo akavuka barabara kwenda kwa Majidi. Majidi ana duka la misumari na rangi mkabala na sisi, jirani wa siku nyingi, mswalihina lakini mtani.

"Bwana Majidi," Kornel akamuuliza, "msikiti wenu pale unaelekea wapi?"

"Kaskazini," Majidi akajibu, huku anampimia mteja misumari.

Mtu yeyote wa hapa mtaani angejibu hivyo. Hata mimi, Mkatoliki tangu tumboni, ningejibu hivyo hivyo. Kornel alivuta kamba sambamba na ukuta wa msikiti, akaipitisha barabarani watu wakiiruka, akaiingiza uwanjani kwetu, na akachora mstari kwenye saruji kwa msumari. Sifuri ya duara akaiweka juu ya mstari ule.

Halafu akaanza kutafuta. Nilimshauri atafute asubuhi, nyota ikiwa juu zaidi. Akakataa. "Mama alisema mchana, basi ni mchana. Nikimwonyesha asubuhi watasema ni nyota ya alfajiri imechelewa kulala." Kila siku ikikaribia saa saba aliacha msumeno na wateja, akazungusha kiti, akainua bomba, akachungulia. Buluu. Akasukuma kidogo kushoto. Buluu. Akapandisha, akashusha. Anga la mchana halina alama hata moja ya kushika, ukishapotea hujui umepotelea upande gani. Alikuwa anatembea kulizunguka lile dude, anajikuna kichwa, anasoma simu upya, anarudi. Bwana harusi mmoja alikuja mara tatu kuulizia kitanda chake. Mara ya tatu alikuja na mama yake mzazi.

Mama Dafrosa alikaa nyuma ya jiko kwenye mkeka, anapukuchua maharage kwa kupapasa. "Mama Josepha," akaniuliza, "Kornel anahangaika na nini huko mbele?"

"Shikamoo tena mama," nikasema, ili nivute muda. "Ni kitu cha padri anatengeneza."

"Marahaba. Basi hakitaisha."

Nilicheka, halafu nikajichukia.

Tarehe kumi na mbili ilifika, siku yake ya kuzaliwa. Kama ningekuwa natunga, nyota ingeonekana siku hiyo. Haikuonekana. Saa nane kasoro Kornel aliipiga teke darubini, ubao mmoja wa kiti ukapasuka. Akasema, "Naiacha. Kesho nairudisha kwa mapadri."

Neno hilo nilikuwa nalisubiri, na nilidhani nikilisikia nitashukuru Mungu. Badala yake nilisimama, sare ya mtoto wa watu bado imo mkononi. "Tumbaku uliacha," nikamwambia. "Dhahabu uliacha. Asali, lori, reli, kabati langu. Sawa. Hii huiachi. Ukitaka kuiacha, pita kwanza nyuma ya jiko ukamwombe mama yako msamaha kwa mdomo wako, halafu ndiyo uiache."

Alitoka nje ya geti. Alirudi jua linazama, akaunga ule ubao kwa gundi na skrubu nne.

Jumamosi nilimpelekea kofia ya kitambaa aliyoniomba nimshonee, ya bitana nyeusi, ya kujifunika kichwa wakati wa kuchungulia ili mwanga usimwingie machoni. Alikuwa ametundika timazi juu ya kiti cha darubini ahakikishe kimesimama sawa, na kamba ya timazi ilikuwa inaangusha kivuli kwenye saruji. Pale pale adhana ya adhuhuri ikaanza. Nikatazama kivuli. Kilikuwa hakilali juu ya mstari wake. Kilikuwa kinaukata.

"Baba Josepha," nikasema, "darasa la sita tulichomeka kijiti uwanjani. Mwalimu alituambia jua likifika katikati, kivuli kinakuwa kifupi kuliko saa zote na kinalala kaskazini na kusini. Na Majidi ndiye aliyeniambia adhuhuri huadhiniwa jua linapokuwa limevuka tu pale katikati. Sasa mbona kivuli kinakwenda huku na mstari wako unakwenda kule?"

Kornel alisimama mdomo wazi. Akapiga magoti, akapima ile pembe. Digrii kumi na nne.

Majidi alipotoka kuswali tulimwita. Akaangalia kamba, akaangalia mstari, akaangalia msikiti, akacheka mpaka akashika geti. "Bwana Kornel! Msikiti unaelekea Makka. Makka iko kaskazini, ndiyo, lakini imejivuta kidogo mashariki. Mimi nilikujibu kama mtu anayeuliza njia ya kwenda dukani. Ungesema unatafuta nyota ningekwambia!"

"Ungenicheka."

"Si nimecheka?"

Kornel alibandua duara, akalilaza upya kwenye mstari wa kivuli. Alipomaliza, nyota ilikuwa imeshashuka nyuma ya paa la Majidi. Ilibaki siku moja, na katika siku hiyo, ilibaki kama saa nzima kati ya adhana na basi.

Jumapili tulirudi kutoka kanisani, mama akafunga begi lake na kukaa karibu na mlango. Kornel aliweka darubini nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta, ili paa lizuie jua. Bomba likilielekea jua, jicho linaungua mara moja, na mimi nilikuwa nimeshamwambia: ukimuunguza mama jicho lililobaki, leo leo narudi kwetu. Alifunika mdomo wa bomba kwa mfuniko wa sufuria mpaka alipolielekeza magharibi. Jumatano jioni, mwezi ulipochomoza, alikuwa ameshairekebisha lenzi ya kuchungulia mpaka mwezi ukaonekana bila ukungu, akatia alama ya penseli hapo, kwa hiyo hilo halikuwa na shida tena.

Adhana ikaadhiniwa. "Mia mbili tisini na mbili," akasoma kwenye simu, akazungusha kiti mpaka waya ukagusa mstari. "Juu, arobaini na nne."

Mimi nilikuwa msomaji wa pimamaji. "Arobaini na moja. Arobaini na mbili na nusu. Taratibu wewe! Arobaini na tatu nukta nane. Arobaini na nne. Simama."

Akajifunika bitana, akachungulia. Kornel ana mguu wa kulia ambao hutikisika hata akiwa amelala. Nilikuwa nauangalia ule mguu. Akasukuma bomba kidogo sana, na mguu ukaacha kutikisika. Alijitoa ndani ya kitambaa, akanisogezea.

Niliona buluu, na katikati ya buluu kitu cheupe, kidogo kama punje ya mchele iliyokatwa katikati, kimekaa. Machozi yalinitoka. Nilipoinuka nikasema bitana inatia jasho.

Kornel alimfuata mama yake mlangoni. "Mayu," akasema, neno la kwao la kumwita mama, ambalo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu sendofu. "Njoo uangalie kitu."

"Basi litaniacha."

"Mayu, nakuomba."

Alimshika mkono, hatua kwa hatua, mpaka kwenye stuli. Lakini anga halimsubiri mtu. Mama alipokuwa ameshakaa na kufunikwa, nyota ilikuwa imeshapita nje ya kioo. Kornel akasoma namba upya, akasukuma. Mama akaweka jicho. "Naona giza," akasema. Uso wa Kornel ulinyong'onyea kama wa mtoto. Nikainama nikaona mama ameweka jicho la kushoto, lile lililokufa. "La kulia, mama," nikasema. Akageuza kichwa, akaligonga bomba, ikabidi tuanze tena. Saa nane kasoro robo. Mume wangu, mtu asiyeweza kusubiri chai ipoe, akasoma namba kwa mara ya tatu, akasukuma bomba kwa kidole kimoja, akasubiri.

Mama aliweka jicho la kulia.

"Huu ni mwezi," akasema. "Mwezi mdogo. Nusu."

"Si mwezi, mama. Ni nyota. Ni nyota yako."

"Nyota yangu haikuwa nusu. Mimi nilikuwa nazaa, sikuwa nimelewa."

Kornel akaanza kueleza kwamba kioo kinaikuza, kwamba bila kioo ni doa tu, na maneno yakamgongana. Mama akamkatisha. "Basi nionyeshe bila bomba. Mimi sikuwa na bomba."

Kornel akaniangalia. Mimi nikaweka shavu nyuma ya bomba, nikalitazama kwa urefu wake kama yeye anavyotazama ubao kujua kama umepinda, nikaendelea kutazama mbele, angani. Hakukuwa na kitu. Nikapepesa macho, nikatazama tena palepale. Ikawepo. Nyeupe, kavu, mchana kweupe, kwa macho yangu haya.

"Naiona!" nikapiga kelele. "Majidi! Njoo! Naiona!"

Majidi alikuja mbio na wateja wake wawili. Akaja pia msichana wa kuuza maandazi, na wanakwaya waliokuwa wanapita. Kila mmoja aliweka shavu kwenye bomba, akalalamika haoni kitu, halafu akapiga kelele. Majidi alisema "Subhanallah" mara tatu, hakutania. Baada ya muda hawakuhitaji bomba tena, walikuwa wanaonyeshana kwa vidole.

Mama alibaki kwenye stuli. Alikuwa ameinua uso, lakini uoni wake ulishakuwa mwembamba mno kuikamata nyota bila darubini. Alikuwa anasikiliza tu. "Wameiona wangapi?" akaniuliza.

Nikahesabu. "Kumi na wawili, mama."

"Na Kornel?"

"Nimeiona," Kornel akasema.

"Bila bomba?"

"Bila bomba." Akapiga magoti mbele yake. "Mayu, nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Kwa... kwa ile sendofu."

"Sendofu ilikuwa nzuri, tulikula pilau. Sema."

Watu walikuwa wamewazunguka. Kornel akasema, "Kwa maiki. Nilikunyang'anya maiki mbele ya watu."

Mama akanyoosha mkono, kiganja juu. "Basi irudishe."

Kornel alitazama huku na huku kama mtu ambaye maiki angeikuta kwenye maranda. Halafu akachukua simu yake, akaibonyeza irekodi ili tumtumie Josepha, akaiweka kwenye kiganja cha mama na kumfunga vidole. Mama aliisogeza mdomoni, akasimama, akanyoosha kitenge.

"Ilikuwa Jumapili kama leo," akaanza.

Alisimulia yote. Njia ya reli, nyasi, mwanamke aliyetua ndoo, mwezi, na nyota pembeni ya mwezi. Hakuruka hata kipande. Saa nane basi liliondoka na kiti chake kitupu, na hakuna aliyemkatisha kumwambia. Kornel alikuwa amekaa chini miguuni pake na kikombe cha chai nilichomletea, na mama alipomaliza nikaenda kukichukua. Kilikuwa kitupu.